Utando wa Ndani, Utando wa Nje

Tulimzika Sista Veronika kule Mazinde mwezi uliopita, jirani na mashamba ya mkonge. Nilikuwa nimekaa mkekani na kina mama wenzangu tukimenya viazi vya msibani, mama mmoja mwenye kanga mpya akanigeukia akaniuliza, "Na wewe mwenzetu, marehemu alikuwa nani yako?" Undugu hatukuwa nao, yeye Mkatoliki wa kambi za mkonge, mimi Muislamu wa Kang'ata. Nyumba moja tulikaa mwaka mmoja tu, na baada ya hapo tukawa tunaonana kwenye semina na harusi za watu. Nikamjibu, "Alinifundisha kuangalia." Yule mama akasema "Mh," akarudi kwenye viazi vyake, bila shaka akijua msiba umenichanganya. Wakati wa kusoma wasifu wa marehemu wakataja vituo alivyofanyia kazi, vyeti vyake, na redio aliyozawadiwa siku ya kustaafu. Mwaka ule hawakuugusa kabisa. Nilikasirika, wallahi, nikataka kusimama. Lakini nani atasimama makaburini, mbele ya padri na wakwe za watu, aanze kuhutubia habari za kondo la nyuma? Nikanyamaza. Leo nayasema hapa, na asiyependa kusikia habari za uzazi afunge kitabu, ingawa naye alizaliwa.

Nilifika kituoni nikiwa na miaka ishirini na mbili, viatu vyeupe, cheti ndani ya bahasha ya kaki, na kichwa kimenijaa. Kituo chenyewe sitakitaja jina, maana kosa nitakalolieleza lilikuwa langu, halikuwa la jengo. Kilikuwa upande wa Handeni, hiyo inatosha. Wakati huo palikuwa na mradi wa utafiti wa wajawazito. Wakubwa walitaka kujua kwa nini wanawake wengine chupa ya maji hupasuka kabla ya siku zake na mtoto akazaliwa njiti. Wanawake walijifungulia kwetu na kwenye kituo kingine upande wa Korogwe. Kila aliyekubali kushiriki, tulikata kipande cha kondo la nyuma na vipande vya ule mfuko unaomzunguka mtoto tumboni, tukavitia kwenye makopo yenye dawa, tukabandika lebo, na gari likayapeleka maabara ya Korogwe. Sista Veronika, sista wa hospitali, si wa utawa, alikuwa mkunga mkuu na msimamizi wa kazi hiyo kwetu. Nyumba za watumishi zilikuwa zimejaa, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Huyu atakaa kwangu. Viatu hivyo havitadumu."

Nyumba yake naiona mpaka leo nikifumba macho. Vyumba viwili na sebule, pazia la maua lililochuja rangi, kitambaa cha kufuma juu ya redio, picha ya Bikira Maria pembeni ya kalenda, na jiko la mkaa barazani. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, au kisamvu kilichotiwa nazi, na siku za Jumapili wali wa maharage aliokuwa akiupika kwa haraka akitoka kanisani, bado na viatu vyake vya ibada. Ramadhani ilipoingia alinipikia uji wa futari wenye pilipili manga kila jioni, mwezi mzima, na mchana alijificha chumbani kunywa chai yake kama mwizi. Nilimwambia, "Sista, kunywa tu, mimi sitamani." Akasema, "Najua hutamani. Mimi ndiye ninayeona aibu." Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia. Alikuwa mkali pia, tusidanganyane. Akikuta kopo halina lebo alikuita jina lako lote, la baba na la babu, mpaka wagonjwa wakajua ukoo wako.

Kazi ilifanyika kwenye chumba kidogo nyuma ya wodi ya wazazi, chenye meza ya bati, mizani, na bomba lililokuwa likitoa maji kwa hiari yake. Wiki ya kwanza Sista alinisimamisha hapo akanionyesha namna yake. Alilaza kondo kwenye sinia, akaingiza mkono ndani ya ule mfuko akautanua, ukasimama kama ulivyokuwa tumboni. Halafu akaanza kuubandua taratibu kwa vidole viwili, na nikaona kumbe si ngozi moja, ni mbili zilizolaliana. "Huu unaong'aa, laini, mgumu kuchanika, ni wa ndani. Ndio uliomgusa mtoto," alisema. "Na huu mzito, usio na mng'ao, unaokatikakatika, ni wa nje. Huu ndio ulioshikana na tumbo la mama, na huu ndio mwongo. Unaweza kubaki kule ndani, na mwenzake akatoka mzima mzima, wewe ukadhani kazi imekwisha." Nikaitikia ndiyo, Sista. Chuoni nilikuwa nimefaulu swali hilo hilo. Tatizo ni kwamba fomu ya mradi ilikuwa na mstari mmoja tu: Utando umetimia, ndiyo au hapana. Na mstari mmoja hukufanya uangalie kitu kimoja. Asubuhi ya wazazi watatu wanaofuatana, jicho langu lilitafuta kinachong'aa, likikiona, mkono unatia alama.

Hata mezani Sista alikuwa akililalamikia jambo hilo. Kule Korogwe waliandika "chupa" kwenye lebo, wakimaanisha ngozi zote mbili pamoja. Sisi tuliandika "utando", na mmoja wetu akimaanisha wa ndani, mwingine wote. Bwana Semkiwa, mzee wa maabara aliyepokea makopo, naye aliandika anachokijua yeye. "Iko siku tutaua mtu kwa majina haya," alisema Sista akivunja tonge. Mimi, mjuaji, nikacheka. "Sista, si kitu ni kile kile?" Akaacha kula. "Kile kile kwa nani?" aliuliza. Jibu sikulitafuta. Ningelitafuta jioni ile, Zuhura asingeteseka.

Zuhura alikuwa binti wa Kwamsisi, uzazi wake wa kwanza, mwembamba, mwenye haya hata ya kulia. Alijifungua asubuhi mikononi mwangu, mtoto wa kike, salama, na siku hiyo Sista alikuwa amekwenda Korogwe na makopo, arudi baada ya siku chache. Nikapima, nikakata, nikaandika, nikatia alama: ndiyo. Kilichobaki nikamkabidhi bibi yake, Bibi Mwanamvua, aliyekuwa akingoja barazani na ndoo ya njano yenye mfuniko. Kwetu kondo halitupwi. Linarudi nyumbani na kuzikwa, na mwenye kulizika ni mwanamke mzima wa ile nyumba. Wengi hulizika lilivyo. Bibi Mwanamvua alikuwa na desturi ya mama yake: alilipeleka kwanza bombani, akaliosha, akalitandaza juu ya jani la mgomba akalipitia lote, maana kwao waliamini kitu kikizikwa pungufu, mwenye nacho hatapona. Sisi manesi tulikuwa tukipita pale tukichekeana kwa macho. Baada ya muda kidogo nikamwona amesimama mlangoni pangu, mikono inachuruzika maji.

"Shikamoo bibi, umesahau nini?"

"Marahaba, mwanangu. Sijasahau mimi. Hii kitu haijaisha."

"Imeisha bibi. Nimeikagua mwenyewe, na nimeandika."

"Ile laini ipo yote," alisema. "Ile ya juu yake, ile nzito, imekatika. Kuna mahali hakuna. Njoo uone."

Kutoka pale mlangoni mpaka bombani palikuwa hatua kama ishirini. Sikwenda. Nilimwonyesha fomu, mwanamke asiyejua kusoma, nikaweka kidole kwenye alama yangu. "Hapa pameandikwa umetimia, bibi." Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Haya. Ninyi ndio mliosoma." Kesho yake wakapanda pikipiki wakaenda zao. Nimezalisha wanawake wengi tangu hapo na Mungu amenijalia mengi, lakini zile hatua ishirini bado zinaniuma.

Siku ya nne wakarudi. Zuhura alishushwa kwenye pikipiki akiwa katikati ya watu wawili, macho yameingia ndani, kanga imelowa damu, na homa unaisikia kabla hujamgusa. Wakampima malaria, kipimo kikasema ndiyo, na hapo kila mtu akatulia. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na ikithibitika kuwa malaria hakuna anayetafuta tena. Daktari wa mradi, kijana mwema mwenye haraka, akauliza kama kuna kilichobaki tumboni. Nikampa fomu yangu. Akasoma: umetimia. Akaandika dripu ya kwinini, na damu akasema ni ya kawaida ya mzazi. Bibi Mwanamvua alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, akirudia maneno yale yale kwa kila aliyevaa nguo nyeupe: "Haikuisha. Niliwaambia haikuisha." Wakamwomba asipige kelele wodini. Mimi nilimsikia, na nilikuwa nimeshaelewa. Fomu ilikuwa na jina langu. Nilisimama pale nikipanga chupa za dripu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mchana gari la Korogwe likarudi. Sista Veronika hakufika hata ofisini. Alimkuta bibi kwenye ngazi, akamwamkia shikamoo, akakaa chini pale pale kwenye saruji na sare yake nyeupe, akamuuliza, "Bibi, uliona nini? Nieleze kama ulivyoona, usiniambie ugonjwa." Bibi akaeleza, na mikono yake ikaeleza zaidi: laini hapa mpaka hapa, nzima; nzito hapa, hapa, halafu hamna, pengo ukubwa wa kiganja. Sista alisikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Kisha akainuka, akaniita, na kwa mara ya kwanza hakuita jina la baba wala la babu. "Mwajabu. Uliangalia wa nje?"

Nikasema, "Hapana, Sista." Sijui ningeishije kama ningesema neno jingine.

Sista alikuwa ameshaelekea wodini, akimwambia daktari kwa sauti ya chini ile ambayo hakuna aliyewahi kubishana nayo kwamba malaria ipo na kitu kingine kipo, waandae chumba cha upasuaji mdogo na dawa za kuua vijidudu sasa hivi. Mimi nikaachwa barazani na bibi na kichanga. Mtoto alilia kwa njaa, nikambeba, nikatembea naye huku na huko, na bibi hakunikataza wala hakunitazama. Niliomba dua zote ninazozijua. Niliona Zuhura akifa, na nikaona jinsi watakavyoniletea ile fomu mbele ya uso wangu, na jinsi nitakavyorudi Kang'ata na viatu vyangu vyeupe. Mwishoni bibi akasema, bila hasira, kama anayeongea na jembe lake, "Kama angekuja yule mama mapema." Nikaanza kulia. Akanichukulia mtoto mikononi, akaniambia, "Lia pembeni, utamlowesha."

Sista alitoka na bakuli la bati. "Njoo uone," aliniambia, maneno yale yale ya bibi. Ndani palikuwa na kipande cheusi, kimeoza pembeni, kizito, hakina mng'ao, ukubwa wa kiganja. Akamwonyesha na bibi. "Hii ndiyo uliyoikosa?" Bibi akainama, akaitazama kama mtu anayemtambua mbuzi wake aliyepotea. "Ndiyo yenyewe," alisema. Zuhura alikaa wodini wiki mbili. Alipona, alhamdulillahi. Lakini siku tatu za kwanza hatukuwa na uhakika, na mimi sikula kitu mpaka nilipolazimishwa.

Siku ya pili nilikuwa nikiosha sinia kwenye kile chumba kidogo, na ukuta uliokitenganisha na ofisi ulikuwa wa mbao nyembamba. Nikamsikia daktari akisema, "Lazima aondoke, Sista. Ameandika uongo kwenye fomu ya utafiti." Sista akasema, "Hakuandika uongo. Fomu imemuuliza swali moja, amejibu swali moja. Angalia makopo yako, daktari. Miezi mitano tunapeleka vitu, na hakuna kati yetu anayejua kopo lipi lina ngozi moja na lipi lina mbili. Huyu binti kosa lake limetupigia kelele. Yetu yamekaa kimya rafuni." Daktari akauliza kama anataka kutupa kazi ya miezi mitano. Nikasikia kiti kikisogezwa. "Nataka tusiidanganye dunia," alisema Sista. "Na kama kuna wa kuondoka, nianze mimi. Ndimi niliyemfundisha nikaiacha fomu ilivyo."

Jioni alipakua bada kama kawaida, akanisogezea sahani. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Utakula. Zuhura hatapona kwa njaa yako." Nikamwambia nimesikia yote ukutani, na sistahili. Hapo akanikaripia kweli kweli. "Unadhani nakutetea wewe? Mwajabu, utazalisha miaka thelathini. Nesi aliyewahi kukosa na akalia, huyo ataangalia. Nikikufukuza wataniletea mwingine ambaye hajawahi kukosa, na huyo ndiye ninayemwogopa." Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Kesho utakwenda kwa yule bibi, utapiga magoti, na utamwomba aje atufundishe." Mdharau mwiba mguu huota tende, msemo huo nilifundishwa darasa la tatu na nikauimba bila kuuelewa. Nilikula ile bada, na chumvi yake nyingi ilikuwa ya machozi yangu.

Nilipiga magoti pale wodini. Bibi Mwanamvua akasema, "Inuka, sakafu chafu." Siku chache baadaye wakaja wakunga wawili wa Korogwe, Bwana Semkiwa wa maabara, daktari, na sisi, tukasongamana kwenye kile chumba kuizunguka meza ya bati. Bibi akapewa kiti pekee kilichokuwepo. Mama mmoja aliyejifungua asubuhi hiyo alikuwa ameturuhusu, na kondo lake lilikuwa kwenye sinia. Sista akasema hakuna atakayetaja jina la kitu chochote kabla hajakishika. Tukavaa glavu, tukashika mmoja mmoja, bibi akiongoza: huu, bandua hapa, sasa huu. Halafu kila mtu akaandika kwenye karatasi yake anakiitaje, ya bibi nikamwandikia mimi, na karatasi zikasomwa kwa sauti. Jamani! Watu saba, na kitu kimoja kina majina manne, na jina moja linabeba vitu vitatu. Bwana Semkiwa, mzee wa watu, alivua miwani akaifuta. "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikipima nini?" aliuliza, na hakuna aliyecheka. Daktari mwishowe akasema yale makopo yote ya nyuma yawekwe kando, yasihesabiwe, na nilimheshimu siku hiyo kwa mara ya kwanza, maana niliona yalivyomuuma.

Tukakubaliana hapo hapo, Handeni na Korogwe, lebo, fomu na midomo: kondo la nyuma, utando wa ndani, utando wa nje. Basi. Neno "chupa" likaachiwa wazazi wenyewe, wanalielewa. Fomu ikapata mistari miwili, mmoja wa kila utando. Tulipodhani tumemaliza, Bibi Mwanamvua akauliza, "Na mwenye ndoo?" Sista akamwelewa kabla yetu. Akachukua kalamu akachora mstari wa tatu kwa mkono: ndugu ameonyeshwa. Tangu siku hiyo hakuna kondo lililotoka kwetu bila bibi wa nyumba kuitwa mezani akalipitia kwa macho yake. Wenzetu wa vituo vingine walitucheka mwanzoni, wakasema tumegeuza wodi kuwa genge. Mimi nimefanya hivyo miaka yangu yote ya kazi, na mara mbili ndoo imeona nilichokosa kuona.

Mradi ulikwisha, Sista akahamishwa, mimi nikaolewa. Hatukuwahi kulizungumza tena. Kwenye harusi moja tu, amekaa mbele yangu na sahani ya pilau, aliniuliza ghafla, "Unaangalia wa nje?" Nikamwambia naangalia. Akaendelea kula.

Wiki mbili baada ya mazishi ya Mazinde mwanangu wa mwisho akashikwa uchungu. Nilikwenda naye kituoni, si kile changu, kingine kipya, na kwa kuwa nimestaafu nikakaa barazani na ndoo kama wanawake wote. Alijifungua saa nne asubuhi, mtoto wa kike. Nikiwa bado nashukuru Mungu, nesi kijana mwenye nywele za kusuka akachungulia mlangoni. "Shikamoo bibi. Njoo kwanza nikuonyeshe, ndipo uchukue." Nikamfuata. Sinia lilikuwa juu ya meza. Akaingiza mkono, akautanua mfuko, akaanza kubandua kwa vidole viwili. "Utando wa ndani huu hapa, bibi, umetimia. Utando wa nje huu hapa. Tazama kingo zake zote."

Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Akashangaa. "Hakuna, bibi. Ndivyo inavyofanywa."

Nilitaka kumwambia jina. Machozi yakatangulia, na yule binti, masikini, akadhani naogopa kwa ajili ya mwanangu. Akavua glavu moja, akanishika bega. "Usilie, bibi," aliniambia. "Hesabu mwenyewe. Zote mbili zipo."